Marcienne na Barabara ya Mkono wa Kushoto

Mtu akikwambia Marcienne hajui gari, mwambie anyamaze. Kule Uvira aliendesha gari la zahanati ya masista miaka kumi na mmoja, akipandisha wajawazito milima ya Ngomo mvua ikinyesha, na hakuna hata mmoja aliyezalia njiani. Lakini Kongo gari hupita kuume. Uganda hupita kushoto, na usukani umehamia upande ule ambao yeye alizoea kumkalisha mgonjwa.

Miaka sita hapa Rubondo, kambi yetu ya wakimbizi, alishika jembe tu. Mwaka jana chama chetu cha akina mama kikapewa pikapu kuukuu ya kupeleka nyanya Mbarara, kwa sharti: dereva awe mwanachama, na gari liwe linafanya kazi ndani ya miezi mitatu, la sivyo linapewa kikundi kingine. Kati yetu wote thelathini, aliyewahi kushika usukani ni mmoja. Permi, leseni ya Uganda, aliipata bila shida. Mtihani ulifanyika kiwanjani, na kiwanja hakina kushoto.

Wiki ya kwanza tulicheka. Akitaka kubadilisha gia, mkono wa kuume unagonga mlango. Akitaka taa ya kukata kona, anawasha vifutio vya kioo, jua kali.

"Yaya Marcienne, mvua iko wapi?" tulimtania, maana yaya kwetu ni dada mkubwa. Naye alicheka.

Kicheko kiliishia Kabingo, njia ya kwenda Mbarara. Alitoka kituo cha mafuta, barabara tupu, akashika kuume kama mtu anayerudi kwao. Mbele likatokea lori la ng'ombe. Badala ya kulikwepa, akalipigia honi! Akatoa kichwa dirishani: "We mulevi! Angalia fasi unapita!" Alipotambua mlevi ni nani, alikata usukani tukaingia mtaroni. Nyanya zilimwagika, hizo si kitu. Fébronie, mwenyekiti wetu, alikuwa nyuma amekalia makreti. Alivunjika mkono.

Tangu siku hiyo Marcienne akigusa ufunguo anauachia kama kaa la moto, anarudi kwenye jembe lake. Kanisani walimwekea mikono, wakakemea roho ya ajali. Roho haikutoka, maana haikuwamo. Wengine wakasema mwanamke na usukani wapi na wapi, watu ambao hata baiskeli inawashinda. Zikabaki wiki mbili gari lichukuliwe.

Aliyemfungua ni Appolinaire, mzee Mrundi anayetengeneza pikipiki sokoni. Zamani aliendesha lori Bujumbura, na kwao pia ni kuume. Hakumwombea. Alimwuliza tu, "Mama, unaogopa nini? Lori?"

"Hapana."

"Kufa?"

"Niko naogopa hii mikono yangu. Nikishituka, inarudi Uvira bila kuniuliza."

"Basi usiitajie kushoto wala kuume, itabishana nawe. Kule kwenu, nani alikuwa karibu na katikati ya barabara, wewe au abiria?"

"Mimi."

"Na hapa?"

Marcienne akachora barabara hewani kwa kidole. "Ni mimi tena."

"Unaona? Dereva katikati, abiria kwenye majani. Ukijikuta kwenye majani, umepotea."

Wiki nzima alijifunza asubuhi kati ya nyumbani na pampu ya maji, midomo ikicheza, "abiria majani, abiria majani," kama anayesali rozari. Hofu ilikuwa palepale, ila sasa aliipa kitu cha kusema.

Siku ya safari, Fébronie akapanda mbele na plasta yake. Tukamwambia abaki nyumbani.

"Nikibaki, atasema namuogopa. Songeni."

Njia yote Marcienne alikwenda taratibu, boda zikitupita na matusi. Mbarara tukafika kwenye mzunguko wa barabara, ule sisi Wakongo tunauita rompwe. Akafunga breki ghafla. Katikati ya mzunguko kuna bustani.

"Mama Fébronie, majani! Majani iko kule ndani!"

Angefuata maneno yake, abiria kwenye majani, angezunguka kinyume, uso kwa uso na mabasi. Nyuma honi zikalia. Mwenye boda akagonga bodi: "Nyabo, mama, songa! Gari imekufa ama wewe?"

Fébronie hajui gari hata kidogo. Anachojua ni kumsumbua mtu mpaka ajibu.

"Achana na majani. Muzee alisema nani iko katikati?"

"Mimi."

"Na hii rompwe, katikati yake ni wapi?"

"Ni... kwa majani."

"Basi majani uyachukue wewe, mama. Mimi unitupe kwa maduka!"

Akaenda, bustani ikiwa upande wake. Akazunguka mara tatu, kwa sababu kuingia aliweza, kutoka hakuthubutu. Mara ya nne akatoka.

Sokoni tulishusha nyanya, na gari likawa letu. Marcienne hakushuka. Vidole vilikuwa vimekwama kwenye usukani, anavitazama kama vya mtu mwingine. Fébronie akavibandua kimoja kimoja kwa mkono wake mzima.

"Tumefika, Marcienne."

"Nimeona. Na kurudi?"

"Kurudi ni saa tisa. Shuka kwanza ukule."

Akashuka, akatapika kando ya gurudumu, akaomba maji. Saa tisa alitangulia kupanda, akafunga mlango. Kupitia dirishani tuliona midomo yake inacheza tena. Tukapanda.