Utepe Mwekundu Barabarani

Harufu ya mazutu, dizeli ya magari makubwa, ikichanganyika na udongo mwekundu uliotoka kumwagwa, mimi hutafuta mahali pa kukaa. Juzi magari ya jeshi yalirudi mtaani kwetu hapa Bunia kutengeneza barabara. Wanangu walikimbia kutazama. Mimi niliingia ndani, nikafunga mlango, nikalia. Sasa nawaambieni nyinyi, maana wao sijawaambia.

Baba aliuawa vita vilipoingia mjini, nikiwa na miaka sita. Makaburini hapakufikika, basi mama na jirani mmoja walimzika mbele ya nyumba yetu, kando ya barabara, wakaweka mawe matatu. Mama alimwahidi pale pale kwamba njia ikifunguka atampeleka kijijini kwao Bule, alale na wazee wake. Kwetu, mtu aliyezikwa njiani hahesabiwi kuwa amezikwa. Hata matanga hatukuyamaliza. Mama alisema tutayamalizia Bule.

Miaka mitatu ikapita, wakaja askari wa kigeni wenye kofia za bluu kutuliza mji na kuujenga upya. Waliziba mashimo, wakarudisha mabati ya shule yetu, wakatugawia biskuti ngumu kama kigae. Jino langu moja linazikumbuka mpaka leo. Halafu ikasemwa kwamba ile barabara ya mbele ya nyumba yetu, iendayo Bule, itapanuliwa. Mama alifurahi, kisha akaogopa. Alimwendea mkubwa wao pamoja na mkalimani, akamwonyesha yale mawe. Yule bwana alivua kofia, akapigilia kijiti, akakifunga utepe mwekundu wa plastiki. Dereva wa tingatinga akiuona azunguke, mpaka mama apate karatasi ya kuhamisha mifupa.

Jamani, ule utepe ulivyong'aa! Jumatatu ile wakubwa wa askari walikuwa wanakuja shuleni kuona mabati yao, na siye wasichana tulikuwa tuwachezee. Wenzangu walikuwa na vitu vya kufunga nywele. Mimi nilikuwa na uzi. Mama alikwisha kwenda sokoni alfajiri na mihogo yake. Nikaufungua utepe, nikajifunga, nikajiambia mawe matatu hata kipofu atayaona. Nilicheza vizuri sana siku hiyo, na askari wakanipigia makofi.

Niliporudi mchana barabara ilikuwa pana, nyekundu, laini. Ua wetu haukuwepo, mawe hayakuwepo, hata muparachichi wa jirani ulikuwa umeng'olewa. Mama alikuwa katikati ya barabara na yule mkubwa. Mkubwa alimwambia mama aonyeshe mahali, wachimbe leo leo. Mama akatembea hatua kadhaa, akasimama, akarudi, akasogea kushoto. Hakuweza kuonyesha. Sijawahi kuona mtu mzima akipotea mbele ya mlango wake mwenyewe.

Dereva aliapa kwamba hakuona utepe wowote. Mkalimani akasema mkubwa anataka kujua nani aliyeutoa, maana mtu huyo atakiona.

Mama akanitazama nikija. Akavua kitambaa chake cha kichwani, akanivuta, akanifunga, akakaza. Nilidhani ananikinga na jua.

"Ni upepo," akamwambia mkalimani. "Huku kwetu upepo iko mukali."

Nilishukuru kimoyomoyo. Kitambaa kilikuwa kimeuficha utepe kabla mama hajauona, ndivyo nilivyofikiri. Na jioni nilipokivua utepe haukuwemo, nikamshukuru Mungu kwamba umeanguka njiani. Nilikula vizuri, nikalala. Mama hakuniuliza kitu, yeye ambaye kijiko kikipotea alikuwa akitusimamisha mstari mzima.

Barabara ilifika Bule. Tulipita juu ya baba kwenda kanisani, kwenda sokoni, na kila tulipopita hapo mama alivua kandambili zake. Mwaka jana alipougua sana, ndugu wa Bule walituma habari kwamba wamemtengea nafasi. Alikataa.

"Munizike hapa hapa Bunia," alisema. "Baba yenu iko hapa. Bule nitaenda kutafuta nani?"

Tulimzika hapa. Kabla ya maziko nilifungua sanduku lake nitafute kitenge cha kumfunika, na chini kabisa nikakikuta kile kitambaa, kimekunjwa vizuri. Ndani yake mlikuwa na utepe mwekundu.