Mama Mkwe na Mbegu za Magugu

Jumatano nilikuwa kwenye duka la pembejeo hapa Katesh, mtoto mgongoni, mara nikasikia sauti ya mama mkwe wangu pale kaunta, nikajibana nyuma ya magunia ya mbolea. Nilikuwa na sababu. Wiki nzima alikuwa akiniita mvivu kwa kuyaacha yale maua ya njano ya porini pembeni ya shamba letu kule Mogitu, yanayochanua masika yakiisha, wakati nyuki hawana kwingine kwa kula. Alisema Jumamosi anakuja na jembe kuyang'oa yote.

Sasa anamnong'oneza muuzaji, "Mbegu za yale maua ya njano ya porini, unazo?"

"Yale magugu, mama? Mimi nauza dawa ya kuyaua."

"Ndiyo maana hujui nyuki wewe. Wangu wamehama, mzinga mtupu, wamejaa kwa mke wa mwanangu."

Mtoto akapiga chafya. Mama mkwe akageuka, nikatoka taratibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umesikia nini?"

"Sijasikia kitu."

"Muongo mkubwa. Nipe mjukuu wangu nimbebe. Jumamosi nakuja na kikapu, unichumie mbegu."

Nilicheka mpaka machozi, naye akacheka, halafu akanishika mkono: watu wasijue kwamba uzeeni anapanda magugu. Nikaapa. Kwa hiyo ninyi wasomaji ndio wa mwisho, simwambii mtu mwingine.