Gitaa Lililonuka Rangi ya Viatu

Kila Jumapili asubuhi mwanangu hukaa mlangoni na kopo la rangi ya viatu, ile ya kahawia, akisugua viatu vyake vya kanisani. Harufu ikinifikia jikoni, uso hunipanda moto. Mume wangu hudhani ni mvuke wa chai. Sijawahi kumweleza, maana kuna aibu ambazo mtu huona haya hata kuzisimulia. Nitakueleza wewe, kwa kuwa hujui kwetu wala humjui mjomba wangu.

Tulikaa Voi, upande wa reli, ambako vumbi ni jekundu na kuku mweupe ni mweupe siku ya kununuliwa tu. Baba alikuwa Mkamba aliyekuja kutafuta maisha akampata mama kwanza, maisha yakafuata polepole. Mama ni Mdawida wa Wusi, huko milimani. Baba alipiga gitaa la umeme katika bendi ya baa, wikendi Voi na siku nyingine Maungu, kwa madereva wa malori. Gitaa hilo ndilo lililotununulia unga na sare za shule.

Lilikuwa jekundu la kung'aa, na mbele yake mtu alikuwa amechora mwanamke anayecheza, nguo zake chache kuliko zinavyofaa, chupa kichwani. Mimi nilimpenda sana mwanamke yule. Alifanana kiuno na mwalimu wangu wa hesabu, nikawa namwita kwa jina la mwalimu, na baba akicheka mpaka anakohoa.

Huko Wusi baba hakuwa na jina. Aliitwa "yule wa baa." Mjomba Mwakio, kaka mkubwa wa mama na mzee wa kanisa, alimsalimia kwa ncha za vidole, kama anayepima uji kama ni wa moto. Krismasi tulipopanda kusalimia, baba aliwekewa kiti karibu na mlango na kuulizwa kila mara kama bado hajapata kazi. Alijibu kwa mzaha. Lakini tukirudi Voi, alikaa siku nzima bila kugusa nyuzi, na mama akapika bila kuimba.

Basi mwaka mmoja, kabla ya sikukuu ya mavuno, mama akarudi kutoka kwao na habari. Mpigaji gitaa wa kwaya alikuwa amehamia Nairobi.

"Baba Mwende," alimwambia akimenya viazi, "ukija upige siku ya mavuno, watakuona kwa jicho lingine. Lakini huyo mwanamke wako wa chupa haingii kanisani kwetu."

Baba alimtazama yule mwanamke, akamtazama mama. Akasema, "Sawa. Atavuliwa rangi."

Kazi hiyo aliifanya uani, na mimi nikiwa msaidizi wake. Alilegeza nyuzi, akafungua shingo, akatoa visumaku vinavyonasa sauti pamoja na waya zake, akapanga skrubu kwenye kifuniko cha mkebe wa mafuta ya kupikia na kunionya nisikipige teke. Nililiweka onyo hilo moyoni, kifuniko nikakizunguka kama nyoka. Kisha akapaka dawa ya kubambua rangi, ambayo iliwasha macho na kumfanya jirani afunge dirisha. Rangi ikafura, ikakunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Baba akaikwangua kwa kipande cha kioo kilichovunjika. Chini ya nyekundu kulikuwa na buluu, na chini ya buluu rangi nyeusi, kila moja ya mwenyewe wa zamani. Mwanamke wa chupa alianza kuondoka miguuni. Nilimwomba baba amwache uso hadi mwisho, naye akamwacha.

Mbao ilipotokea ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Baba alijaza mashimo kwa unga wa mbao na gundi, halafu tukaingia kwenye msasa, kwanza ule mkali, kisha ule laini. Babake alikuwa mchonga vinyago, na baba mwenyewe alikulia kwenye maganda ya mbao. Aliniambia, "Usiangalie kwa macho, mama. Macho yanadanganya. Pitisha kiganja." Nilipitisha kiganja nikaonyesha mahali palipokwaruza, naye akapasugua tena. Naweza kukuambia kwamba sijawahi kujiona mtu wa maana kama siku hizo.

Sasa, mchonga vinyago humalizia kazi yake kwa rangi ya viatu. Ndivyo baba alivyofundishwa, ndivyo alivyofanya. Alichukua kopo la kahawia, akasugua gitaa kwa kitambaa mpaka likawa kama tende. Angeishia hapo lingekuwa zuri kupita kiasi. Ila alitaka ling'ae zaidi kwa ajili ya wakwe. Akanunua vanishi kwa fundi wa vitanda, akanyunyizia uani maji kutuliza vumbi, akapaka juu ya ile rangi ya viatu. Leo najua, na kila fundi wa samani anajua, kwamba vanishi haikauki juu ya nta, na rangi ya viatu ni nta. Hutulia, inang'aa, ukiigusa inakushika mkono. Baba alisema ni ukaidi wa vanishi mpya, jua la Voi litaikomesha. Jua la Voi likajitahidi. Akaunganisha gitaa hivyo hivyo, akishika kwa ncha za vidole.

Akiwa anakaza nyuzi aliniambia siri. "Nimesikia watu wanapeleka mavuno mbele, mchungaji anayaombea. Na mimi nitapeleka hii. Mavuno yangu ni gani, si ni hii? Ikishaombewa naichukua, nachomeka waya, napiga. Usimwambie mama yako."

Sikumwambia. Sikukuu ya mavuno sikuwa nimewahi kuiona, sisi tulizoea kupanda Krismasi tu.

Tulifika Wusi Jumamosi, gitaa likiwa limefungwa ndani ya leso ya mama. Asubuhi baba alivaa koti lake la pekee, na mfuko wa koti ulitutumka kwa waya aliouviringa ndani. Kanisa lilinukia ndizi mbivu na nguo zilizokaa sandukuni. Kwaya ilipoanza kuimba watu wakapanga foleni na mikungu, miwa, viazi vitamu, maharagwe, jogoo waliofungwa miguu. Baba akatoka mahali pake, akaingia kwenye foleni, akatandua leso. Niliona mama akigeuza shingo. Baba akaliweka gitaa chini, kati ya mkungu wa ndizi na gunia la maharagwe, kwa upole, kama anayelaza mtoto.

Mchungaji alilitazama gitaa, akamtazama baba.

"Wapendwa," alisema, "kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wengine tumeleta tulichokibakisha. Mkwe wetu ameleta kile anachokulia."

Vigelegele vikapasuka. Nyanya yangu alisimama kwa fimbo yake akashangilia. Na mjomba Mwakio, wa ncha za vidole, alitembea kutoka kwenye viti vya wazee akamshika baba mkono kwa mikono yake miwili. Baba alirudi kwenye benchi akiwa anatabasamu hadi masikioni. Alidhani wanashangilia wimbo watakaousikia.

Baada ya maombi vijana walianza kubeba kila kitu kwenda nje. Baba aliinuka, mkono mfukoni, tayari na waya wake. Kijana mmoja akapita na gitaa.

"Mwende," baba akaninong'oneza, "kwani wanavipeleka wapi?"

Nilimwuliza binamu yangu aliyekaa mbele. Alinishangaa. "Mnadani. Kilichowekwa mbele ni cha Mungu. Kinauzwa, hakirudi."

Nilimpelekea baba maneno hayo sikioni. Tabasamu lake halikuondoka mara moja, lilibaki pale likiwa limeachwa na mwenyewe. Kisha akautoa mkono mfukoni bila kitu.

Nje palikuwa na ukungu mwembamba, na mnada ulikuwa wa furaha, kama ilivyo desturi. Mtu ananunua yai kwa bei ya kuku, analirudisha liuzwe tena, watu wanacheka. Zamu ya gitaa ilipofika, mnadishaji, bwana mmoja mcheshi, alilinyanyua likamshika. Alijaribu kubadilisha mkono, likakataa. Jani la mharagwe lilikuwa limenata tumboni mwake. Alipoligeuza, mgongo wote ulikuwa na alama za leso ya mama, kila uzi wa kitambaa umepiga chapa.

"Hili gitaa limeiva au bado liko kwenye oveni?" alisema. Akanusa. "Ndugu zangu, linanukia viatu! Nani anataka gitaa la kutembelea?"

Watu walicheka hadi wengine wakashika mbavu. Niliona haya ambayo sijui niielezeje. Niliona haya kwa ajili ya ile vanishi, kwa alama za leso, kwa baba aliyesimama kati ya watu waliosubiri miaka mingi wamwone mjinga, na mimi pekee nikijua ni mjinga kiasi gani. Nilitaka ardhi inimeze, kisha nikataka immeze mnadishaji. Bwana mmoja wa Maungu, mwenye hoteli, aliyekuja nyumbani kwa sikukuu, akaanza kupandisha bei. Nilifungua mdomo nipige kelele kwamba ni makosa, ni letu, tulilisugua sisi.

Baba alinibana mkono. "Nyamaza, mama," alisema bila kunitazama. "Mama yako anatazamwa."

Nikamtafuta mama kwa macho. Alikuwa amesimama katikati ya wanawake wa kwao, kichwa juu, na wale waliokuwa wakimpita bila salamu sasa wamemshika mabega. Sijawahi kumwona amenyooka vile. Gitaa likaenda kwa mtu wa hoteli.

Mchana tulikula kwa mjomba Mwakio. Baba aliwekewa kiti cha ndani kabisa, na mjomba kwa mkono wake akamwekea firigisi kwenye sahani. Kama unajua kwetu, unajua firigisi haipewi mtu hivi hivi. Baba aliitafuna polepole sana. Mimi sikula. Nilimwonea haya kwa kuila.

Maji yakimwagika hayazoleki. Baba aliazima magitaa ya watu kwa muda, kisha bendi ikapata kijana mwenye gitaa lake. Akaanza kazi ya kupaka vanishi kwa fundi wa vitanda, safari hii bila rangi ya viatu. Watoto wa shule walipita wakamwita "bendi," naye anawapungia brashi. Nilipokwenda kusoma Mombasa niliingia mara moja ile hoteli ya Maungu kununua maji. Lilikuwa ukutani juu ya friji, halina nyuzi, na vumbi lote la barabara limenata juu yake. Niliondoka bila kusubiri chenji yangu.

Na kwa miaka yote hiyo nilitunza siri ya baba. Mama aliamini kwamba mumewe alitoa gitaa lake kwa moyo, kwa ajili yake, mbele ya watu wa kwao. Sikutaka kumwondolea hilo. Nilijiona mimi ndiye mwosha, na aibu ya maiti aijuaye mwosha.

Mwaka huu niliwatembelea Voi. Baba alikuwa nje anapaka kabati la mtu, anaimba chini chini. Mama alikuwa akipanga nguo sandukuni, akaniomba nimshikie leso fulani, ile ya zamani, ambayo bado ina madoa ya kahawia. Ilikuwa nzito. Nilipoifungua, ndani kulikuwa na waya wa gitaa, umeviringwa vizuri.

Mama alichungulia dirishani kwanza, kuhakikisha kuimba kunaendelea.

"Mtu anayetoa gitaa," alisema, "haachi waya mfukoni. Nilijua tangu anaiweka chini."

"Na hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba mume wangu hajui mila? Mwende, watu wa kwetu walikuwa hawajawahi kumpigia makofi. Niliona haya, usifikiri sikuona. Lakini nikasema, wacha apigiwe." Akakunja leso. "Tuliporudi nilifua koti, nikautoa. Aliutafuta huo waya wiki nzima. Chini ya kitanda, juu ya kabati. Mimi nipo, namwangalia. Hakuniuliza."

Asingeweza kuuliza, na mama asingeweza kumpa. Nilikaa juu ya kitanda nikiwa nimeinamisha uso, maana ile haya yangu ya miaka yote sikujua tena niipeleke wapi. Nilikuwa nimeona haya kwa ajili ya watu wawili ambao siku ile, kati ya vicheko vyote, kila mmoja alikuwa akimtazama mwenzake tu.

"Usimwambie," mama alisema, akafunga sanduku.

Nje baba alikuwa amenyamaza. Aliingia na mikono yake mbele, ameikunjua ili asiguse kitu, akauliza kama chai iko tayari. Mama akammiminia, akamshikia kikombe mdomoni anywe, maana vanishi ilikuwa bado haijakauka.