Karamu ya Kuombea Mashine

Sijui nitaingiaje kazini Jumatatu. Tangu serikali iruhusu watu binafsi kusindika mafuta, mimi na Bakari, Mrangi wa Kondoa, tuna mashine ya kukamua alizeti hapa Dodoma. Mimi ni mlokole, yeye ni mtu wa swala tano, na wafanyakazi wetu ni mchanganyiko huo huo. Hatujawahi kukosana.

Kanisani tulifundishwa kwamba tajiri mwema huwatumikia wafanyakazi wake kwa mikono yake mwenyewe. Neno lile lilinichoma. Nikaamua kuandaa karamu ya kuiombea kazi yetu, nikanunua mbuzi wa Chemba. Jana alfajiri jirani yangu Ramadhani, anayetuchinjia siku zote, alikuja na kisu chake. Nikamrudisha.

“Leo nachinja mwenyewe,” nilimwambia. Akadhani ni kitoweo cha nyumbani, akaenda zake.

Mchana masinia ya pilau yakawekwa mkekani. Nikahubiri kwa kirefu kwamba mbele za Mungu sisi ni nyumba moja, hadi nikajiliza mwenyewe. Watu wakanawa. Bakari alishanyoosha mkono, akausimamisha juu ya sinia.

“Mwenzangu, nani kachinja?”

Nikasimama ili wote wanione, nikainua mikono. “Mimi mwenyewe, kwa ajili yenu.”

Nusu ya watu wakarudisha mikono mapajani. Bakari akalitazama sinia, akanitazama na mimi, kisha akasema kwa upole, “Basi sisi utupe maji ya kunywa.”