Kitanda Kimoja, Wagonjwa Wawili

Miaka sita yule meneja wa kompyuta za hospitali ananiamkia, na miaka sita simwitikii. Shikamoo yake naiacha ining'inie hapohapo. Watu wanasema bibi huyu ana roho mbaya. Ninayo, na sababu ninayo.

Kitinda mimba wangu alikuwa fundi ofisini kwake. Hospitali nne zilitaka daftari moja la vitanda, likae kwenye kompyuta za kukodi huko mbali. Meneja akamtuma binti alinganishe mifumo miwili. Wiki tatu alikuwa kwenye meza yangu ya kulia, chai inapoa.

"Mama, huu wa kwanza mzito. Ukiandika kitanda kimechukuliwa, haukwambii 'tayari' mpaka nakala za daftari za hospitali zote zikubali. Huu wa pili, kila hospitali inaandika kwenye nakala yake mbiombio, halafu zinapatana baadaye."

"Baadaye lini? Mgonjwa akishalala juu ya mwenzake?"

Akacheka. "Wangekuajiri wewe, mama."

Akaijaribu: kitanda kimoja, wagonjwa wawili kwa mpigo. Ule wa pili ukawapa wote. Akaandika ripoti, tusiuchukue. Meneja akajibu pembeni mwa ripoti hiyohiyo kwa kalamu nyekundu: "Haitatokea. Chukua wa haraka."

Ikatokea mwezi wa nne. Baba wa watu kaletwa saa nzima kwa gari kutoka hospitali nyingine, kufika, kitanda cha mashine ya kupumulia kina mtu. Akafia koridoni. Meneja akasema binti ndiye aliyeufunga mfumo vibaya. Wakamfukuza. Hakuna aliyemwajiri tena. Akawa mtu wa chumbani, pazia limeshushwa, hata nywele hachani. Ripoti alitaka kuichoma. Nikamnyang'anya, nikaiweka chini ya godoro langu; wakati ule hakuna aliyetaka kuisoma.

Mwaka huu kitanda kikagawiwa mara mbili tena. Safari hii kafa mama aliyetoka kujifungua. Binti yangu miaka sita hajagusa kitufe chao! Wakaitisha kikao cha uchunguzi, nikaenda na ripoti ile kifuani.

Mwenyekiti akaisoma kwa sauti. "Mwandiko huu mwekundu wa nani?"

Meneja akaitazama kama katupiwa nyoka. "Wangu."

Wakamfuta kazi palepale, wakaandika barua kwamba binti hana kosa. Mlangoni meneja akanisogelea. "Shikamoo, mama. Nisamehe."

Nikampita.

Nyumbani binti akaisoma barua mara moja tu.

"Huyo mama aliyefariki kaacha watoto wangapi?"

"Watatu, na kichanga."

Akajifunika shuka mpaka kichwani.