Sifuri ya Pensheni Iliyonipeleka Jeddah

Aibu niliyoipata Jeddah, wallahi sijui niifiche wapi, na nawaambia mimi mwenyewe kwa sababu mtaisikia tu kwa wengine, tena watatia chumvi.

Mimi muuguzi hapa Riyadh, nakaa Shumaisi, na nyumbani Mombasa nina duka la dawa ninalolilipia kodi ya mapato. Pensheni yangu ilikuwa imelala kwenye hospitali niliyoiacha kule nyumbani, akaja binti mmoja, Mwanaisha, ajenti wa pensheni, akatushauri Wakenya tuhamishie hizo akiba kwenye pensheni ya mtu binafsi, tuendelee kuchangia wenyewe na nyumbani tupunguziwe kodi. Maneno matamu! (Mimi niliwahi kuuziwa kiwanja hewa, nikisikia maneno matamu nakumbatia mkoba.) Nikahamisha, lakini roho juu.

Wiki ya mwisho ya Disemba taarifa ikaja kwenye simu. Nikatazama michango ya mwaka huu: sifuri. Miaka kumi na moja ya kukesha na wagonjwa, sifuri! Ukurasa wa pili sikuufungua hata. Ningempigia Mwanaisha, lakini nikajiambia, ukimpigia mwizi atatoroka, huyu ni wa kufumaniwa. Nikasikia ana mkutano na Wakenya wa Jeddah, basi nikabadilishana zamu, nikakata tikiti ya ndege ya siku ile ile (bei yake usiniulize), nikaingia ukumbini watu wamekaa na sambusa zao, kalamu mkononi.

"Msitie sahihi! Huyu tapeli, amekula pensheni yangu!"

Fomu zikaanza kukunjwa, wengine wakatoka. Baba mmoja akamdai Mwanaisha aonyeshe ikama yake, kibali cha kuishi Saudia. Binti wa watu akanisogelea.

"Bi Rukia, tafadhali, fungua ukurasa wa pili."

Nikampa simu mhasibu aliyekaa mbele, nikijua sasa Mwanaisha amekwisha. Akasoma kwa sauti: akiba iliyohamishwa, yote, mpaka senti.

"Kuhamisha si kuchangia, mama," akasema yule mhasibu. "Hizi ni pesa zako za zamani, hazihesabiwi mchango wa mwaka huu. Nafasi yako ya kupunguziwa kodi hujaigusa. Changa kabla mwaka haujaisha."

Kicheko! Mmoja akapaza sauti, "Yalla, mama, changa!" Nichange nini, na vijisenti nilivyokuwa navyo nimevimaliza kwa tikiti ya kwenda na kurudi?

Lakini Mwanaisha hakucheka. Alikuwa akiokota fomu tupu vitini, maana walioondoka hawakurudi, na yeye analipwa kwa fomu. Nikashika maikrofoni nikamwomba radhi mbele ya waliobaki.

"Yameisha, Bi Rukia," akasema, bila kuniangalia.

Sasa nimeapa: nikimshuku mtu, nitamwita pembeni kwanza. Mwanaisha nimempigia mara nne tangu siku ile. Hapokei.