Karatasi ya Mwisho Kwenye Bati

Mwalimu Zelfa alikuwa na ukaidi wake: insha ya mambo yajayo haisahihishi mpaka mambo yenyewe yaje. Miaka thelathini na mmoja alifundisha hivyo kijijini kwetu, kisiwani St. Vincent, Karibi.

"Kiingereza hakina kesho moja," alituambia. "Kuna kesho ya ahadi, unaitoa hapo hapo. Kuna kesho ya dalili, kama wingu zito juu ya mlima Soufrière. Hiyo usiiguse kama huna cha kunionyesha. Na kuna kesho ya ratiba, kama boti ya kwenda kisiwa cha Bequia. Haibembelezwi."

Insha ikaingia kwenye bati la biskuti, naye akakusubiri. Miaka kumi baadaye anakusimamisha sokoni, kalamu nyekundu mkononi. Mimi niliandika nitakuwa mwalimu. Nilipoacha chuo nusu njia, alinipa nne kati ya ishirini mbele ya muuza samaki.

Alijivunia jambo moja: hajawahi kuacha karatasi bila alama. Sasa alikuwa anastaafu Ijumaa, na batini ilibaki moja, ya Kenvil, fundi mwashi. Akiwa na miaka kumi na mitatu, Kenvil aliandika, kwa kesho ya dalili, kwamba mama yake atalala kwenye nyumba ya ukuta wa matofali kabla Mwalimu hajastaafu.

"Dalili iko wapi?" Mwalimu aliuliza siku ile.

Kenvil akampeleka kwao, akamwonyesha matofali kumi na mawili chini ya kibanda cha mbao.

Alhamisi Mwalimu akapanda kilima, bati kwapani. Nikamfuata, sinema ile singeikosa. Nyumba imesimama, kuta, paa, mpaka rangi ya chungwa. Lakini Tanti Ineta, shangazi wa kijiji kizima na mama yake Kenvil, yuko kule kule kwenye mbao, anachoma shelisheli.

"Tanti, mbona hujahamia?" Mwalimu akauliza.

"Haijabarikiwa. Mchungaji amesafiri, anarudi Jumapili."

"Mama, lala usiku mmoja tu!" Kenvil akalia. "Mwalimu anaondoka kesho!"

"Lala wewe na mizimu yako."

"Mwalimu, mpe tu alama," nikasema. "Nani atajua?"

"Tazama nani anasema. Bwana Nne!"

Ijumaa, mkuu wa shule ameshashika kisu cha keki, Mwalimu akasimama.

"Leo siondoki. Nitaondoka Jumatatu."

"Mwalimu, tarehe ni ya wizara! Na Jumatatu ni likizo!"

"Basi wizara iondoke leo. Keki kuleni, ila ufunguo wa darasa niachieni."

Jumapili mchungaji alibariki kila chumba, Kenvil akamwaga ramu kidogo kwenye pembe nne, wazee waliotangulia wasinune.

Jumatatu Mwalimu alikaa mezani pake, darasa tupu, bila mshahara. Tanti Ineta akaingia na kofia ya kanisani, mwanawe nyuma.

"Nimelala, Mwalimu. Mpaka nimechelewa kuamka."

Kalamu nyekundu ikashuka: kumi na tisa.

"Moja imekwenda wapi?" Kenvil akauliza.

"Mwandiko. Ule si mwandiko, ni kuku kapita."

Kisha akaligeuza bati juu chini. Halikudondosha kitu. Akafunga darasa, akashuka barabarani kichwa juu, kama aliyejenga ile nyumba kwa mikono yake.